Kesi ya Neil Postman dhidi ya burudani

Neil Postman, msomi wa Marekani aliyechunguza vyombo vya mawasiliano, hakuwa na ugomvi na vipindi vya kipuuzi. Wanaomjua kwa sifa tu humdhania mzee mkali anayekunja uso watu wanapocheka, lakini katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1985, Amusing Ourselves to Death, aliandika waziwazi kwamba tamthilia za mabavu kama The A-Team na vichekesho vya baa kama Cheers havimdhuru mtu. Alichokiogopa ni taarifa ya habari, kipindi cha uchunguzi cha 60 Minutes, na Sesame Street, kile kipindi cha watoto ambacho wazazi wasomi wa Marekani walikishangilia tangu kilipoanza mwaka 1969. Upuuzi unaojulikana kuwa ni upuuzi haumdanganyi mtu. Hatari, alisema, huanza pale siasa, dini, elimu na habari za vita zinapolazimika kupendeza ndipo zipate nafasi, mpaka kupendeza kunageuka kuwa kipimo cha ukweli.

Hoja hiyo ndiyo inayonirudisha kwake kila mara, na ndiyo pia inayonifanya nibishane naye.

Postman alizaliwa New York mwaka 1931. Alifundisha Chuo Kikuu cha New York kwa zaidi ya miaka 40, na mwaka 1971 alianzisha hapo masomo yanayovitazama vyombo vya mawasiliano kama mazingira anamoishi binadamu. Alifariki Oktoba 2003, miezi minne kabla ya Facebook kuanza. Hakuiona simu janja mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu, wala hakusikia habari ya kijana aliyepata wafuasi milioni kwa klipu za sekunde 15. Hata hivyo, lawama nyingi tunazozitoa leo juu ya watu kuzama kwenye simu alikwisha kuzitoa yeye juu ya runinga, na kwa mantiki iliyonyooka kuliko yetu. Vitabu vyake viwili ndivyo vinavyonihusu hapa: hicho cha 1985, na Technopoly cha 1992, kuhusu jamii inayoiachia teknolojia itawale.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Postman alikuwa sahihi kuhusu vyombo, akakosea kuhusu kicheko. Aliyaunganisha mambo mawili ambayo sisi tuliokulia kwenye utani, ngonjera na michezo ya redio tunajua kwamba si kitu kimoja.

Kwanza tumpe haki yake. Msingi wa hoja yake ni kwamba kila chombo kina mambo kinachoyabeba kwa wepesi na mengine kinachoyakataa. Wenyeji asilia wa Amerika walipashana habari kwa moshi, na moshi hauwezi kubeba mjadala wa falsafa. Kuni zingeisha kabla ya hoja ya pili. Maandishi yanabeba hoja ndefu, yenye sababu na matokeo, inayoweza kurudiwa na kukaguliwa. Runinga inabeba sura, sauti na mwendo. Kwa hiyo mtu akiuliza kama runinga ina vipindi vizuri au vibaya, Postman anamjibu kwamba swali lenyewe limekosewa. La kuuliza ni chombo hiki kinatuzoesha kuzungumza namna gani.

Ushahidi wake anaouenzi kuliko wote unatoka jimbo la Illinois, Marekani. Oktoba 16, 1854, mjini Peoria, mwanasiasa Stephen Douglas alihutubia kwa saa tatu. Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais baadaye, ambaye zamu ya kujibu ilikuwa yake, aliwaambia watu kwamba jioni imeingia, kwamba naye angehitaji muda kama ule, na kwamba Douglas angependa kumjibu tena. Basi waende nyumbani wakale, kisha warudi. Wakaenda, wakala, wakarudi, wakakaa saa nne nyingine. Miaka minne baadaye wanasiasa hao wawili walifanya midahalo 7 mashuhuri, ambamo mmoja alizungumza saa nzima, wa pili akajibu kwa saa moja na nusu, kisha wa kwanza akapewa nusu saa ya kufunga. Postman anauliza: ilikuwa hadhira ya namna gani ile? Jibu lake ni kwamba walikuwa watu waliolelewa na kitabu na gazeti. Hata hotuba waliisikiliza kama wanaofuatilia ukurasa.

Kisha ikaja telegrafu. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe kutoka Washington hadi Baltimore, na kuanzia hapo habari haikufungwa tena na mwendo wa treni au wa farasi. Wengi husimulia kisa hicho kama ushindi mtupu. Postman anakisimulia kama mwanzo wa habari isiyo na mahali. Gazeti la mji mdogo lililozoea kuandika mambo ya mji wenyewe, yale ambayo msomaji aliweza kuyafanyia kitu, likaanza kujaa moto uliowaka miji ya mbali, mauaji ya watu asiowajua na ugonjwa wa binti wa mfalme wa nchi nyingine. Halafu anamgeukia msomaji na kumuuliza ana mpango gani wa kupunguza mgogoro wa Mashariki ya Kati, au mfumuko wa bei, au uhalifu. Anamjibia mwenyewe: huna mpango wowote. Utatoa maoni, maoni yako yatakusanywa na watafiti wa kura, nayo yatageuzwa kuwa habari nyingine. Kwangu hizi ndizo kurasa bora alizowahi kuandika, na zingetosha hata kama kitabu kizima kingepotea.

Runinga ikalifanya tatizo hilo kuwa mtindo. Mtangazaji anamaliza habari ya ajali ya ndege, anageuka kidogo kitini, anasema sasa tugeukie jambo lingine, na hapohapo tunaingia kwenye tangazo la sabuni. Habari moja katika taarifa za Marekani za wakati ule ilichukua wastani wa sekunde 45. Tatizo halikuwa ufupi peke yake. Mpangilio ule ulimfundisha mtazamaji kwamba hakuna jambo linalohusiana na jingine, na kwamba hakuna balaa kubwa kiasi cha kuzuia tangazo linalofuata.

Fungua simu jioni hii uone. Mama anayelilia nyumba iliyosombwa na mafuriko, kisha kijana anacheza amapiano, kisha mhubiri, kisha mapishi ya biriani, kisha maiti. Ulichokihisi kwa yule mama hakipewi hata dakika moja ya kukaa. Na kuna jambo ambalo Postman hakuliona kwa sababu halikuwapo: mwaka 1985 mpangilio ule aliufanya mhariri, mtu mwenye jina, aliyeweza kupigiwa simu na kulaumiwa. Leo unafanywa na programu inayojifunza ni wapi kidole chako kilisita. Kwa upande huu muda umempa ushindi kuliko alivyotarajia yeye mwenyewe.

Siasa nayo haikumwangusha. Alipoandika, Ikulu ya Marekani ilikaliwa na Ronald Reagan, mwigizaji wa zamani wa Hollywood. George McGovern, aliyegombea urais mwaka 1972, alikuwa ametoka kuwa mwenyeji wa kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live. Postman aliyaona hayo kama dalili. Baada yake yakaja mengi. Donald Trump, aliyeingia kwenye nyumba za Wamarekani kwa kipindi cha The Apprentice kuanzia mwaka 2004, alishinda urais mwaka 2016. Nchini Italia mchekeshaji Beppe Grillo alianzisha chama ambacho mwaka 2013 kilipata karibu robo ya kura. Guatemala ilimchagua mchekeshaji Jimmy Morales kuwa rais mwaka 2015.

Halafu kuna Volodymyr Zelensky, na hapo ndipo hoja inapoanza kuwa ngumu. Mwaka 2015 alianza kuigiza kwenye runinga ya Ukraine kama mwalimu wa shule anayejikuta ni rais. Aprili 2019 alichaguliwa rais kweli kwa asilimia 73 ya kura, kupitia chama kilichoitwa kwa jina la tamthilia hiyohiyo. Ushahidi gani wa Postman ungezidi huo? Lakini Februari 2022 Urusi ilipoivamia nchi yake, mchekeshaji yule hakukimbia. Alisimama barabarani Kyiv usiku, akajirekodi kwa simu na maofisa wake nyuma yake, akasema wako palepale. Ujuzi wa jukwaa, wa kujua sekunde 30 zinaweza kubeba nini, ndio uliowashika watu wake moyo. Burudani ilimpeleka Ikulu, sawa. Ila haikutuambia mapema angekuwa rais wa namna gani, na hilo linawafaa wanaompinga Postman kama linavyowafaa wanaomuunga mkono.

Upungufu wake mkubwa zaidi uko kwenye ile Illinois anayoipenda. Mwaka uleule wa hotuba za Peoria, sheria katika majimbo kadhaa ya kusini zilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alijifunza herufi kwa kificho na kwa hila. Wanawake hawakuwa na kura. Enzi ya kitabu ambayo Postman anaililia ilikuwa enzi ya waliokuwa na ruhusa ya kukishika. Na mijadala yenyewe ilikuwa na matarumbeta, vinywaji na kelele za mashabiki, jambo ambalo hata yeye analitaja kisha analipita haraka. Watu wale walikaa saa saba kwa sababu walipenda hoja, ndiyo, na pia kwa sababu ilikuwa tamasha lao. Ukiitoa raha katika kisa kile, sidhani kama hadhira ingebaki.

Msomaji wa Kiswahili analiona hili upesi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliutoa ushairi msikitini akautia sokoni. Alijibizana kwa tungo kuhusu vita, kuhusu watawala, kuhusu njaa na mapenzi, na ndani yake mkiwamo kejeli za kumtoa mtu jasho. Beti zake hazikusubiri mashine ya kuchapa. Zilikaa vichwani mwa watu na kwenye hati za mkono, na mjini hazikuwa mchezo. Mtu aliyepigwa shairi alipaswa kujibu, na kujibu kwa vina na mizani kulihitaji kufikiri kwelikweli. Siasa iliyofanywa hivyo ilikuwa burudani na hoja kwa pamoja, na hakuna aliyeona kwamba moja lazima limuue mwenzake.

Lakini mfano ninaoutegemea zaidi si wa karne ya 19. Ni Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania Dar es Salaam ulioanza mwaka 1993. Waliokuwa wakiusikiliza hawajamsahau Mkwaju, yule dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka akaanza kujitegemea. Watu walimcheka Mkwaju, walimtukana, walibishana juu yake vibarazani na kwenye daladala. Mchezo ulitungwa makusudi kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Na kwa bahati nzuri kwetu tunaotaka kumpima Postman, ulichunguzwa kwa namna ambayo burudani huchunguzwa kwa nadra sana: kati ya mwaka 1993 na 1995 mitambo ya Dodoma haikuurusha, ili eneo hilo lilinganishwe na kwingine. Watafiti waliona matumizi ya uzazi wa mpango yakipanda zaidi kule mchezo uliposikika, na waliona wanandoa wakizungumza mambo waliyokuwa wakiyakwepa. Dodoma ilipoanza kuupata mwaka 1995, mabadiliko yakaonekana huko pia.

Postman, katika sura yake ya elimu, alisisitiza kwamba hakuna ushahidi wa maana unaoonyesha kwamba kujifunza kunaongezeka jambo likitolewa kwa mtindo wa tamthilia. Alikuwa anazungumzia vipindi vya runinga vya darasani, na huenda kuhusu vipindi hivyo alikuwa sahihi. Lakini Twende na Wakati unamjibu kwa kitu ambacho hakukitazama. Mchezo ule ulisikika kwa vipindi vya dakika 30, mara mbili kwa wiki, kisha redio ikazimwa na watu wakabaki wakizungumza. Maana kubwa ilijengwa kwenye muda ule wa katikati. Mkwaju aliugua polepole, kwa miaka, jinsi watu wanavyougua. Msikilizaji alilazimika kukumbuka wiki iliyopita ili aielewe wiki hii. Haya ndiyo mambo ambayo Postman alisema kitabu peke yake kinayaweza: mfululizo, kumbukumbu, sababu na matokeo. Redio iliyafanya huku ikichekesha.

Hapo ndipo ninapoona palipokatika katika hoja yake. Hakutenganisha burudani na mkatiko. Kilichoharibu taarifa ya habari ya Marekani ni kukatwakatwa, kukosa jana na kesho, na kutozwa kodi ya tangazo kila baada ya dakika chache. Raha ilikuwa sukari iliyofanya hayo yamezwe, nayo ndiyo ikabebeshwa lawama yote.

Utani unalionyesha hili vizuri zaidi kuliko runinga yoyote. Katika jamii nyingi za Tanzania Bara mtani hufika msibani na kufanya yale ambayo mtu mwingine angefukuzwa kwa kuyafanya. Atavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Atasimama mbele ya kaburi na kudai apewe chochote kwanza ndipo azikwe mtu. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao wanahistoria wanauhusisha na njia za misafara ya karne ya 19, ulibeba mambo mazito: mgeni kupokewa ugenini, mgonjwa kuuguzwa, aliyekufa njiani kuzikwa kwa heshima. Mashabiki wa Simba na Yanga bado wanaitana watani wa jadi, na wanajua wanachosema.

Mbona kicheko kile hakikishushi kifo hadhi? Kwa sababu mtani anajulikana ni nani na amepata wapi ruhusa. Kwa sababu yeye naye atakufa, na utani wa leo atalipwa msibani kwake. Na kwa sababu ndiye huyohuyo anayesaidia kuchimba kaburi na kuwapikia wafiwa; dhihaka yake imeambatana na kazi. Kisha utani unaisha, sala inasomwa, udongo unafukiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopatikana msiba unaporekodiwa kwa simu na kuwekewa muziki ili watu wasiomjua marehemu wacheke. Huyo anayecheka hajulikani, hatalipwa, hatachimba, na klipu yake haiishi. Postman angeweza kutumia mfano huu dhidi ya runinga na ungemfaa kuliko ule wa Las Vegas alioufungulia kitabu chake.

Sasa nije kwenye jambo lake linalonukuliwa kuliko yote. Dibaji ya kitabu inawaweka pamoja waandishi wawili wa Kiingereza: George Orwell, ambaye riwaya yake ya mwaka 1949 ilionya juu ya dola inayopiga marufuku vitabu na kuficha ukweli, na Aldous Huxley, ambaye riwaya yake ya mwaka 1932 ilionya juu ya jamii ambamo hakuna haja ya kupiga marufuku kitabu kwa sababu hakuna anayetaka kukisoma. Postman anasema aliyekuwa sahihi kuhusu Marekani ni Huxley. Watu hawatafungwa minyororo. Watazama kwenye raha.

Kwa Marekani ya mwaka 1985 hukumu hiyo inaeleweka. Kwetu haitoshi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa jijini Dar es Salaam baada ya kusambaa kwa video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli akiwa amevaa suti kubwa kuliko mwili. Mwaka uliotangulia alikuwa ameitwa polisi kwa picha alizobadilisha sura yake na ya Rais. Kucheka tu. Dola inayoamini kwamba kicheko kinawalaza watu ingemwacha acheke mchana na usiku.

Kenya imetupa kisa kikubwa zaidi. Juni 2024 vijana walioitwa kizazi cha TikTok, wale ambao Postman angewahofia kuliko wote, waliusoma Muswada wa Fedha. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaufafanua kwa klipu fupi, wakatengeneza chombo cha akili mnemba cha kujibu maswali juu yake, na katikati ya yote hayo wakatania bila kukoma. Vichekesho vyao juu ya mikoba na saa za wabunge viliwaeleza watu kodi ya mkate na pedi kwa wepesi ambao magazeti hayakuufikia. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakapigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini muswada ule.

Na Desemba mwaka huohuo vijana kadhaa waliokuwa wakichapisha picha za kumdhihaki Rais mtandaoni walitoweka, wakarudi Januari 2025. Hapo Orwell na Huxley wanatembea pamoja. Simu inayokupa burudani isiyokwisha ndiyo inayotoa taarifa ya ulipo. Utaachwa ucheze kadiri upendavyo, mpaka siku mchezo wako utakapomgusa mtu. Postman alituachia tuchague kati ya hofu mbili, na kwa raia wa Nairobi au Dar es Salaam uchaguzi huo haupo.

Lakini nisimwache akiwa ameshindwa, maana kisa cha Kenya kina upande wake pia. Mtandao uliokusanya watu kwa wiki mbili haukuweza kuwashikilia kwa muda mrefu. Ulipofika wakati wa kuandika madai, kuyapanga, kuchagua wawakilishi na kukaa kwenye vikao vinavyochosha, chombo kilekile kilichowasha moto kilianza kuwapeleka watu kwenye jambo jipya. Kile ambacho Postman alikiita tabia ya chombo kilirudi kudai chake.

Kuna ukurasa mmoja katika sura ya mwisho ambao wanaomsifu na wanaomlaumu huuruka. Akitafuta dawa, Postman anafikiria kutengeneza vipindi vya kuidhihaki runinga yenyewe, kwa mtindo wa Monty Python, kundi la vichekesho la Uingereza, ili taifa zima licheke namna runinga inavyotawala mazungumzo yake. Kisha anaikataa dawa hiyo: ili kipindi kitazamwe, kingelazimika kufuata masharti ya runinga, na mwisho wa yote runinga ndiyo ingecheka.

Jaribio hilo lilifanyika bila yeye. Jon Stewart aliiongoza The Daily Show kuanzia mwaka 1999 hadi 2015, kazi yake ikiwa kuonyesha jinsi taarifa za habari zinavyotengenezwa. Oktoba 2004 alialikwa kwenye kipindi cha mabishano cha Crossfire cha CNN, akawaambia wenyeji wake uso kwa uso kwamba wanaidhuru nchi. Januari 2005 CNN ilitangaza kukifuta. Juni 2014 John Oliver, aliyetokea kwenye kipindi cha Stewart, alitumia dakika 13 kueleza kanuni za usawa wa huduma za intaneti, yaani kampuni za intaneti zisipendelee tovuti moja kuliko nyingine, jambo kavu kupindukia, na mfumo wa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani wa kupokea maoni ukazidiwa na wananchi. Mwaka 2015 kanuni zikapitishwa. Mwaka 2017 zikafutwa. Nairobi nako, kundi la vichekesho la Redykyulass lilianza kumwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, jambo ambalo muongo mmoja kabla halikufikirika. Mwaka 2009 mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, akaleta The XYZ Show, vikaragosi vya mpira vilivyowavua wakubwa hadhi ya kujitungia. Mmoja wa wale wa Redykyulass, John Kiarie, mwaka 2017 alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini.

Nikiyapima haya, naona Postman alikuwa nusu sahihi. Dhihaka iliondoa woga, na nchini Kenya kuondoa woga kulikuwa kazi ya kisiasa ya maana kuliko hotuba nyingi. Lakini haikujenga kilichopaswa kufuata. Marekani ya mwaka 2016, baada ya miaka 16 ya Stewart kuonyesha kila jioni jinsi mchezo unavyochezwa, ilimchagua bingwa wa mchezo huo.

Technopoly nitakipitia kwa haraka. Hakina utamu wa kile cha kwanza, na mara nyingi kinalaumu kila kitu, kuanzia kompyuta hadi alama za mitihani, ambazo anasema zilianza kutolewa kwa tarakimu huko Cambridge mwaka 1792. Faida yake ni ile tabia aliyoikuza baadaye hadi ikawa orodha ya maswali: teknolojia hii inatatua tatizo gani? Tatizo hilo ni la nani? Nani ataumia likitatuliwa? Tanzania Bara iliwahi kuishi na maswali hayo kabla hayajaandikwa. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini serikali ya Mwalimu Nyerere iliona runinga Bara ni anasa ya wachache wakati redio inamfikia mkulima. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Mwalimu aliondoka madarakani mwaka 1985, mwaka uleule kitabu cha Postman kilipotoka. Wapo wanaouona uamuzi ule kama busara, wapo wanaouona kama kumchagulia raia cha kutazama, na ukweli kwamba redio iliyonufaika ilikuwa ya serikali peke yake unawapa nguvu hao wa pili. Kwangu, swali liliulizwa vizuri na jibu lilitolewa na watu wachache mno.

Dawa ya pili ya Postman, aliyoiamini ingawa kwa kukata tamaa, ilikuwa shule: watoto wafundishwe kuuliza chombo kinawafanya nini. Kwetu hilo haliko mbali. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma fasihi simulizi tayari anafundishwa soga, vichekesho na utani. Anaulizwa dhamira, fani, wahusika na muktadha. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuiweka klipu ya sekunde 30 kwenye meza hiyohiyo. Nani anachekwa, na yupo hapo kujibu? Kabla ya hii kulikuwa na nini, na baada yake imewekwa nini? Nani aliikata? Nani analipwa mimi nikiirudia? Swali la mtihani likitungwa hivyo, wanafunzi watalijibu, maana mfano wanao mfukoni.